Moyo Kushindwa Kufanya Kazi: Mwongozo wa Kinga na Matunzo kwa Familia

Wagonjwa wanaolazwa katika hospitali zetu kwa tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi mara nyingi ni watu ambao bado wanalea, wanalima na kufanya biashara. Utafiti uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, ilhali Ulaya wengi wa wagonjwa wa namna hii wamekwisha vuka miaka 70. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kwa asilimia 45 ya wagonjwa chanzo kilikuwa shinikizo la juu la damu, yaani ugonjwa unaopimika kwa dakika chache na kutibika kwa vidonge vinavyopatikana hata katika vituo vya afya vya wilayani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia, kwa sababu daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na siku zote zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwa watu wa nyumbani kwake. Hatua za mwanzo zinahusu kinga, na zinazofuata zinahusu kuutambua ugonjwa na kuishi nao. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya ushauri wa daktari anayemfahamu mgonjwa wako.

Hatua ya 1: Elewa jina la ugonjwa kabla hujaliogopa

Watu wengi wanapoambiwa kuwa moyo wa ndugu yao umeshindwa kufanya kazi hudhani kwamba moyo umesimama au uko karibu kusimama, na wapo wanaoanza kujiandaa kwa msiba siku hiyohiyo. Maana halisi ni kwamba moyo umedhoofika au umekakamaa, hivyo hausukumi damu kwa kiwango ambacho mwili unahitaji. Ni kama pampu ya kisima iliyochoka: maji bado yanatoka, lakini hayafiki kwenye nyumba za mbali, na nyuma ya pampu yanaanza kujaa. Mwilini, damu inayorundikana nyuma ya upande wa kushoto wa moyo huyafanya mapafu yajae maji, na mgonjwa hubanwa na pumzi. Ile inayorundikana nyuma ya upande wa kulia husababisha miguu kuvimba, ini kuwa kubwa na tumbo kujaa. Figo nazo, zikiona damu inazifikia kidogo, hudhani mwili umepungukiwa maji, na kwa hiyo huzuia chumvi na maji yasitoke. Hapo uvimbe huongezeka.

Mtu aliyeelewa mzunguko huo ataelewa pia kwa nini matibabu yanagusa mambo manne kwa pamoja, yaani presha, chumvi, maji na mapigo ya moyo. Ataelewa vilevile kwamba miguu iliyovimba si lazima iwe dalili ya kukanyaga kitu kilichotegwa njiani. Imani hiyo ina mizizi mirefu na haifai kudhihakiwa, lakini kila wiki inayopita katika kuzunguka kutafuta mganga ni wiki ambayo moyo unaendelea kuchoka bila dawa.

Hatua ya 2: Pima presha, hata kama husikii chochote

Ningeombwa kuchagua hatua moja tu katika mwongozo huu, ningechagua hii. Presha ya juu haina maumivu. Mtu anaweza kuwa nayo kwa miaka kumi akiendelea na shughuli zake kama kawaida, na katika muda huo wote misuli ya moyo inazidi kuwa minene kwa kusukuma damu dhidi ya mishipa iliyobana, mpaka mwisho inakakamaa au kutanuka. Kila mtu mzima apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye mzazi au ndugu mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo apimwe mara nyingi zaidi.

Kipimo kibaya hutoa jibu baya, kwa hiyo fuata utaratibu. Mpimwaji akae kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano bila kuzungumza, miguu yote miwili ikanyage chini na isipishane, mkono ulazwe juu ya meza ukiwa usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, usifungwe juu ya shati au kanzu. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita, na awe amekwenda haja ndogo kwanza. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja au mbili. Majibu yakiwa 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, mtu huyo anahitaji kuonana na mhudumu wa afya kwa ajili ya matibabu. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinapendwa kwa sababu ni ndogo, lakini ile inayofungwa juu ya kiwiko ndiyo ya kuaminika zaidi.

Aliyeanzishiwa dawa za presha aelewe kwamba presha iliyoshuka ni ushahidi kuwa dawa inafanya kazi. Kuiacha kwa sababu vipimo sasa ni vizuri ni kosa linalowaingiza wodini watu wengi mno. Pamoja na dawa, dhibiti kisukari, acha sigara na ugoro, na jiepushe na pombe kupita kiasi, ikiwemo gongo, kwa kuwa pombe nyingi ya miaka mingi hulegeza misuli ya moyo moja kwa moja hata kwa mtu asiye na presha.

Hatua ya 3: Usipuuze koo la mtoto

Wapo vijana wa miaka 20 ambao moyo wao umeshindwa, na chanzo chake kilikuwa koo lililouma wakiwa darasa la pili. Bakteria aina ya streptokokasi husababisha maumivu makali ya koo na homa, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Baadhi ya watoto hao wasipotibiwa, mwili unaopigana na bakteria hao hugeuka kushambulia viungo na moyo wenyewe wiki mbili au tatu baadaye, hali inayoitwa homa ya rumatiki. Mtoto huvimba goti, uvimbe ukahamia kwenye kiwiko, kisha yote yakapoa na familia ikasahau. Lakini vali za moyo, yaani milango inayoelekeza damu, zinaweza kubaki na makovu yanayoendelea kukua kila homa hiyo inaporudi.

Kinga yake ni rahisi. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa za antibayotiki azimalize zote hata kama maumivu yameisha siku ya pili. Mtoto ambaye tayari amepata homa ya rumatiki anahitaji sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, wakati mwingine mpaka utu uzima. Sindano hiyo inauma, na mzazi anayemwona mwanawe akicheza vizuri uwanjani hupata kishawishi cha kuahirisha. Asiahirishe. Iandike tarehe ya sindano inayofuata kwenye kalenda ya ukutani mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.

Hatua ya 4: Mfuatilie mama mjamzito na aliyejifungua

Kuna aina ya ugonjwa huu inayompata mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, hata kama hakuwahi kuwa na tatizo lolote la moyo. Ubaya wake ni kwamba dalili zinafanana na uchovu wa kawaida wa uzazi: miguu imejaa, pumzi ni fupi, usingizi hautoshi. Kipimo cha kutumia nyumbani ni hiki: mama aliyejifungua hutarajiwa kupungua uvimbe na kuongezeka nguvu kadiri siku zinavyopita. Ikiwa mambo yanakwenda kinyume, ikiwa hawezi kulala chali kumnyonyesha mtoto bila kubanwa na pumzi, au anakohoa kila usiku, apelekwe hospitali na aseme wazi kwamba amejifungua hivi karibuni. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Kabla ya kufikiria mimba nyingine, mke na mume waonane na daktari wa moyo pamoja, kwa sababu ugonjwa huweza kurudi kwa ukali zaidi. Uamuzi huo usiachwe kwa mama peke yake wala kwa wakwe.

Hatua ya 5: Tambua dalili zikiwa bado changa

Dalili ya kwanza mara nyingi ni mabadiliko madogo ya tabia ambayo mgonjwa mwenyewe huyaita uzee. Aliyekuwa akipanda kilima cha kwenda msikitini au kanisani bila kusimama sasa husimama mara mbili akijifanya anasalimia watu. Aliyelala na mto mmoja sasa anaongeza wa pili, kisha wa tatu, na mwisho analala akiwa amekaa kwenye kiti. Huamka usiku wa manane akihema na kutafuta dirisha. Hukohoa akilala na kikohozi hutulia akikaa. Huenda haja ndogo mara nyingi usiku. Viatu vinambana jioni.

Ili kuchunguza uvimbe, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya mbele ya mguu juu kidogo ya kifundo, pale mfupa unapokuwa karibu na ngozi, uhesabu polepole hadi kumi, kisha uondoe kidole. Kikibaki kishimo kinachochukua muda kujaa, mguu una maji. Angalia miguu yote miwili: uvimbe wa moyo kwa kawaida huwa pande zote, ilhali mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa, nao ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba figo na ini vikiugua huleta uvimbe, ndiyo maana kubuni jibu nyumbani hakutoshi.

Wagonjwa kadhaa hutibiwa kwanza kama wenye pumu, nimonia au kifua kikuu, kwa kuwa wanakohoa na kubanwa kifua. Ikiwa ndugu yako amemaliza dozi mbili za dawa za kifua bila nafuu na miguu inajaa, muulize mhudumu waziwazi kama moyo umechunguzwa. Swali hilo si utovu wa adabu.

Hatua ya 6: Fanya vipimo vinavyostahili

Kipimo kinachotoa jibu la uhakika ni eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambayo haina maumivu wala mionzi. Huonyesha kama vali zimeharibika, kama misuli imekuwa minene, na ni asilimia ngapi ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto husukumwa nje kwa kila pigo. Moyo wenye afya husukuma takribani asilimia 55 au zaidi. Asilimia 40 au chini ya hapo ina maana kuwa nguvu ya kusukuma imepungua, na matibabu yake yana dawa mahususi. Iombe namba hiyo, iandike na uitunze, kwa sababu eko ya baadaye italinganishwa nayo. Vipimo vingine ni ule wa umeme wa moyo, picha ya kifua, wingi wa damu, sukari, virusi vya UKIMWI, na utendaji wa figo pamoja na kiwango cha potasiamu.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ndiyo kituo kikuu cha tiba na upasuaji wa moyo, na hospitali za kanda pia zina huduma hizi. Anzia hospitali iliyo karibu upate rufaa, kwani safari ya kwenda Dar es Salaam bila barua ya rufaa huongeza gharama na muda wa kusubiri.

Hatua ya 7: Zijue dawa na kazi ya kila moja

Mgonjwa anayejua kwa nini anameza kidonge fulani huwa mgumu kukiacha. Kaa naye, tandaza dawa zote mezani, na muandike pamoja jina la kila moja, kiasi, saa ya kumeza na kazi yake.

Dawa za kutoa maji, kama furosemaidi ambayo wengi huiita Lasix, ndizo mgonjwa anazoziona zikifanya kazi, kwa sababu mkojo huja ndani ya saa moja, uvimbe ukashuka na pumzi ikarudi. Kwa sababu hiyo huaminika kuliko nyingine zote, na hapo ndipo hatari ilipo: dawa ya maji huondoa adha, lakini zinazorefusha maisha ya mgonjwa ambaye nguvu ya moyo imepungua ni zile ambazo hazionyeshi lolote siku unapozimeza. Hizo ni jamii ya enalaprili na losartani zinazoupunguzia moyo mzigo. Jamii ya bisoprololi na karvediloli zinazotuliza mapigo. Spironolaktoni inayozuia moyo usiwe na makovu. Na dapagliflozini au empagliflozini, ambazo zilianza kama dawa za kisukari na baadaye ikathibitika kuwa zinawasaidia wagonjwa wa moyo hata wasio na kisukari. Bei ya hizi mbili za mwisho bado ni kikwazo kwa familia nyingi. Mweleze daktari ukweli kuhusu uwezo wako ili apange zinazowezekana, badala ya kukubali orodha nzima na kununua nusu yake.

Daktari huanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu, kwa hiyo kuongezewa dozi si ishara kwamba ugonjwa umezidi. Katika wiki za mwanzo za bisoprololi au karvediloli mgonjwa huweza kujisikia mchovu zaidi. Amwambie daktari, lakini asiache ghafla. Enalaprili humletea mtu mmoja mmoja kikohozi kikavu kisichoisha, na tiba yake ni kubadilishiwa dawa, mara nyingi akapewa losartani. Midomo au ulimi ukivimba baada ya kumeza enalaprili, asimeze tena na akimbizwe hospitali mara moja. Dawa za jamii ya enalaprili na losartani hudhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke anayezitumia azungumzie uzazi wa mpango mapema. Spironolaktoni huweza kumvimbisha mwanaume matiti na kumletea aibu ya kimyakimya. Wanaume wengi huacha dawa bila kusema sababu, ilhali ipo dawa mbadala.

Kidonge kilichosahaulika hakifidiwi kwa kumeza viwili. Mgonjwa akiharisha au kutapika kwa siku nzima, piga simu kliniki, kwa kuwa dawa za maji na baadhi ya hizo nyingine huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda ili figo zisiumie.

Sehemu kubwa ya wanaorudi wodini ni wale walioacha dawa baada ya uvimbe kuisha. Nguvu ilirudi, viatu vikaingia, na mgonjwa akaona amepona. Mwambieni mapema, akiwa bado hospitalini na anasikiliza, kwamba nafuu hiyo inashikiliwa na dawa, na ninyi wenyewe mlinunue pakiti jipya wiki moja kabla ya la zamani kwisha.

Hatua ya 8: Mizani na daftari

Mizani ya bafuni ya bei ya kawaida na daftari la shule vinaweza kumwepusha mgonjwa na kulazwa. Maji hurundikana mwilini siku kadhaa kabla ya uvimbe kuonekana au pumzi kubana, na mizani huyaona kwanza. Mgonjwa apimwe kila asubuhi akishatoka haja ndogo, kabla ya kunywa chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu mahali palepale.

Tuseme daftari linasomeka hivi: Jumatatu kilo 61.0, Jumanne 61.3, Jumatano 62.2, Alhamisi 63.3. Mgonjwa anasema anajisikia vizuri, na huenda hata amefurahi kuwa ananenepa. Lakini hakuna chakula kinachomnenepesha mtu kilo mbili na ushee kwa siku tatu. Hayo ni maji. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, wasiliana na kliniki siku hiyo, usisubiri tarehe ya miadi. Wengine hupewa na daktari wao maelekezo ya maandishi ya kuongeza dawa ya maji kwa siku chache hali inapofika hapo, nami nashauri kila familia iyaombe maelekezo hayo. Ujihadhari na jambo moja: mgonjwa wa muda mrefu huweza kukonda mabega na mashavu huku maji yakijaa chini, uzito ukabaki palepale. Kwa hiyo mizani isichukue nafasi ya kubonyeza mguu kwa kidole gumba kama ilivyoelezwa katika hatua ya tano.

Pembeni ya uzito, andika presha, mapigo ya moyo kwa dakika, na idadi ya mito aliyolalia. Daftari hilo liende naye kila kliniki, kwani linamwambia daktari mengi kuliko jibu la "naendelea vizuri".

Hatua ya 9: Chumvi, kuanzia jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni takribani kijiko kimoja cha chai, na katika hizo imo chumvi yote iliyofichika kwenye vyakula. Kutoa kichupa cha chumvi mezani ni mwanzo tu. Chumvi nyingi inaingia kupitia samaki wa ng'onda na dagaa waliotiwa chumvi, vipande vya kuongeza ladha ya supu, achari, soseji, chipsi za barabarani, bisikuti na mkate. Ipo pia magadi, ambayo wengi hawaihesabu. Magadi yanayolainisha maharage na makande yana sodiamu nyingi, ileile inayozuia maji mwilini. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, na yataiva bila magadi.

Familia isipikiwe sufuria mbili, ya mgonjwa ikiwa chapwa. Utaratibu huo humtenga, na haudumu. Pikeni chakula kimoja chenye chumvi kidogo kwa wote, maana presha huwa inatembea katika ukoo, na ladha itafutwe kwenye ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, iliki na pilipili. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Chumvi mbadala zinazouzwa kama salama kwa wenye presha mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na kwa anayetumia enalaprili, losartani au spironolaktoni potasiamu ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa kiwango cha kuua. Maji ya dafu nayo yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mtu mwenye figo dhaifu aulize kwanza kabla ya kuyafanya kinywaji cha kila siku.

Kuhusu maji ya kunywa, si kila mgonjwa anahitaji kupunguziwa. Wale waliozidiwa huwekewa kikomo, mara nyingi lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na katika hesabu hiyo huingia chai, uji, mchuzi na supu.

Hatua ya 10: Duka la dawa, safari, mazoezi na mfungo

Maumivu ya mgongo na magoti humpeleka mgonjwa dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni bila cheti. Dawa hizo huzuia chumvi na maji, huumiza figo na kupunguza nguvu ya dawa za moyo, na siku chache tu zinaweza kumrudisha wodini. Atumie parasetamoli ya kawaida, isiwe ile inayochemka majini, ambayo ina sodiamu. Muuza dawa aambiwe kila mara kwamba mnunuzi ana ugonjwa wa moyo. Dawa za asili zitajwe mbele ya daktari bila kuficha, na daktari naye anapaswa kusikiliza bila kukaripia.

Siku ya safari ya basi, wagonjwa wengi huacha dawa ya maji wakihofia kuomba dereva asimame. Muulizeni daktari kabla kama dozi ya siku hiyo inaweza kumezwa baada ya kufika, na dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi.

Mgonjwa ambaye hali yake imetulia anapaswa kutembea kila siku kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, akiongeza dakika taratibu. Kumlaza siku nzima kwa huruma humdhoofisha.

Kwa Waislamu, mwezi wa Shaabani usipite bila kuonana na daktari. Wapo wanaoweza kufunga kwa kupangiwa upya saa za dawa, na wapo ambao kufunga kutawadhuru, nao wana ruhusa ya dini kama wagonjwa. Neno la imamu na la daktari yakienda pamoja, mgonjwa hukubali kwa moyo mweupe.

Hatua ya 11: Wafikie walio nje ya nyumba yako

Tarehe 29 Septemba kila mwaka ni Siku ya Moyo Duniani, na halmashauri na hospitali hutumia siku za namna hiyo kupima watu bure. Usingoje mwaka. Kikundi cha VICOBA, jumuiya ndogo ndogo au madrasa vinaweza kuchanga na kununua mashine moja ya presha, kumwomba muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafundishe watu wawili kuitumia, na kupima wanachama mwanzoni mwa kila kikao. Majibu ya mtu asomewe yeye peke yake pembeni. Mkifanya hivyo, wekeni pia utaratibu wa kumsindikiza zahanati aliyekutwa na presha ya juu, maana kupimwa bila kufuatwa na matibabu humwachia mtu hofu tu.

Hatua ya 12: Jua lini ni dharura

Usisubiri kuche iwapo mgonjwa anabanwa na pumzi akiwa amekaa kimya, anakohoa povu jeupe au la rangi ya waridi, ana maumivu ya kifua yasiyoachia, amezimia, amechanganyikiwa, midomo imekuwa ya kibuluu, au mapigo yanakwenda mbio bila mpangilio.

Jambo hili lipangwe kabla. Namba ya simu ya dereva wa teksi au bajaji wa mtaani anayekubali kuamshwa usiku ibandikwe ukutani, fedha ya nauli itengwe, na watu wawili wa nyumbani wajue hospitali ipi ina oksijeni. Bodaboda haimfai mtu asiyeweza kujishikilia. Wakati mnasubiri usafiri, mkalishe wima miguu ikining'inia, fungua madirisha, legeza nguo zilizobana, na wala usimlaze chali wala kumnywesha maji kwa kumhurumia. Anayemsindikiza abebe dawa zote zilizomo ndani ya nyumba pamoja na lile daftari la uzito, na akifika mapokezi aanze kwa kusema kwamba huyu ni mgonjwa wa moyo, anatumia dawa hizi, na pumzi imeanza kubana saa fulani.